Vimeng'enya katika Chakula cha Nguruwe: Je, Yafaa Tuvinunue?

Hotuba iliyosomwa Tengeru mbele ya wanachama na viongozi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Msemaji ni mwanachama mfugaji, ambaye zamani alikuwa Bwana Mifugo.



Nimeombwa niseme juu ya vimeng'enya vya chakula cha nguruwe, nami nimewekwa kati ya ngoma na chakula, mahali ambapo kila msemaji huogopa kuwekwa. Nitajitahidi nisiwacheleweshe. Lakini jambo lenyewe si dogo. Kamati imeletewa ombi kwamba unga huu ununuliwe kwa fedha za Chama, utiwe katika chakula kinachosagwa na kuchanganywa kwenye mashine yetu, nanyi ndio mtakaoulizwa katika Mkutano Mkuu kama mwakubali au mwakataa. Haifai mtu kuinua mkono wake kwa jambo asilolijua, wala haifai kuukunja kwa sababu hiyo hiyo.

Kwanza niwatoe wasiwasi wale wasiofuga mnyama huyu. Najua wamo humu ndugu zetu Waislamu, na Waadventista pia, ambao nyama ya nguruwe si yao. Karibu yote nitakayosema yahusu kuku kama yanavyohusu nguruwe, kwa kuwa katika jambo hili matumbo yao yana upungufu ule ule. Basi nisikilizeni kwa ajili ya kuku wenu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na nguruwe jike mzuri, mrefu wa mgongo, aliyezaa watoto kumi na mmoja na kuwalea wote. Katika juma la nne la kunyonyesha nilikwenda bandani alfajiri nikamkuta ameketi kama mbwa aketivyo, miguu ya mbele imesimama, ya nyuma haimtii. Nilimpapasa mgongo na mapaja. Hakuwa na jeraha, hakuwa na homa. Nilielewa mara moja, nami nikaona haya. Chakula chake kilikuwa pumba za mahindi, migomba iliyokatwakatwa, na makombo ya hoteli moja ya mjini. Ili kuwapa watoto wake maziwa, mnyama yule alikuwa amekopa madini katika mifupa yake mwenyewe, siku baada ya siku, na mkopo ule haukulipwa na mtu. Mimi niliyezunguka vijiji toka Poli mpaka Moshono nikiwafundisha watu kulisha mifugo, banda langu mwenyewe nililisahau. Ilibidi achinjwe.

Jambo la kushangaza, ndugu zangu, ni kwamba fosforasi aliyoihitaji kwa mifupa yake alikuwa akiila kila siku. Pumba zimejaa fosforasi. Ila imefungwa.

Nitaeleza jinsi ilivyofungwa, kwa maana hapo ndipo penye shauri zima. Punje ya nafaka, kama mzazi mwenye busara, huweka akiba kwa ajili ya mche utakaoota. Akiba ya fosforasi huiweka katika hali ambayo wataalamu huiita fitati. Ifikirini kama pete ya funguo iliyobeba funguo sita, na kila ufunguo ni fungu moja la fosforasi. Yapata theluthi mbili za fosforasi yote iliyomo katika nafaka na katika mashudu imefungwa namna hiyo. Katika mahindi, sehemu kubwa ya fitati imo ndani ya kiini. Nasi tupendao sembe nyeupe hupeleka mahindi mashineni yakakobolewa, na kiini kikaenda pumbani pamoja na ganda. Kwa hiyo sisi twala ule weupe, na nguruwe hupata pumba zenye mafuta na protini na madini mengi kuliko sembe yetu, lakini madini hayo yako ndani ya kasha lililofungwa.

Ng'ombe hana shida hii. Katika tumbo lake kubwa wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu ya mamilioni, nao hulifungua kasha. Nguruwe ana tumbo moja kama sisi wanadamu. Mwili wake hutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya wanga, na protini, na mafuta. Lakini kile kimeng'enya cha kufungua fitati, kiitwacho fitasi, anacho kidogo mno. Ndiyo sababu katika fosforasi ya mahindi nguruwe hujipatia karibu sehemu moja ya tano, na pengine chini ya hapo, nayo iliyobaki huanguka nyuma yake pamoja na mavi. Fosforasi ya ngano humfaa zaidi, karibu nusu yake, kwa sababu ngano ina fitasi yake ya asili ndani ya punje. Neno hili la ngano mliweke akilini, nitalirudia.

Wala fitati haifungi fosforasi peke yake. Ikiwa tumboni hukamata zinki, na chuma, na kalsiamu, ikavishikilia visimfae mnyama. Mwaka 1955 huko Marekani, watafiti Tucker na Salmon walionyesha kwamba ule ugonjwa wa nguruwe wa kuota magamba makavu ya ngozi tumboni na miguuni ulitokana na upungufu wa zinki, nao ukapona walipowapa zinki. Magamba kama hayo nimeyaona hapa kwetu mara nyingi, na mara nyingi mwenye nguruwe alikuwa amepaka dawa ya upele majuma mawili bila nafuu. Nikiuliza habari za chakula, husikia kwamba mwenyewe ametia chokaa kwa wingi, kwa kuwa aliambiwa chokaa hujenga mifupa. Chokaa ikizidi huifanya fitati iikamate zinki kwa nguvu zaidi. Nawasihi sana: chokaa ipimwe kwa mizani, isimiminwe kwa koleo.

Sasa, kimeng'enya ni kitu gani? Jina hili latisha, lakini kitu chenyewe kimo majumbani mwetu tangu enzi za babu zetu. Mama anayepika mbege huulowesha ulezi, akauacha uote, akauanika na kuusaga kuwa kimea. Bila kimea hakuna mbege. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kulivunja ghala lake, ili mche upate kula. Nasi twaviazima vimeng'enya hivyo kwa kazi yetu. Hali kadhalika uji wa mtoto. Chukueni uji mzito ambao mwiko wasimama ndani yake, uacheni upoe kiasi, kisha tieni kijiko cha unga wa kimea na kukoroga; baada ya dakika chache uji ule hulainika ukanyweka, wala hamkuongeza maji. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha uchunguzi wao juu ya uji wa watoto uliolainishwa kwa unga wa nafaka iliyooteshwa, na mama wengi wa nchi hii wakafundishwa njia hiyo. Kimeng'enya si chakula, wala si dawa. Ni mfanyakazi. Hukata kitu kikubwa kuwa vitu vidogo, na baada ya kukata yeye mwenyewe hubaki mzima akaendelea na kingine.

Lakini angalieni nilivyosema: uji upoe kiasi. Mama yeyote ajuaye kazi hii hatii kimea katika uji unaochemka, maana hakitafanya kitu. Mimi nilipaswa kulikumbuka jambo hilo, nami sikulikumbuka. Baada ya msiba wa yule nguruwe wangu nilinunua pakiti ya fitasi, ghali kweli kweli kwa pakiti isiyozidi kiganja. Siku hizo nilikuwa nachemsha makombo katika pipa, na nilifanya vema kuyachemsha, kwa sababu makombo mabichi yaweza kuleta homa ya nguruwe, ambayo haina tiba na humaliza banda zima. Basi nikaona ni busara kuutia unga wangu humo humo pipani, upate kuchanganyika. Nilifanya hivyo miezi miwili. Kimeng'enya ni protini. Nacho katika maji yanayochemka hugeuka kama ute wa yai ugeukavyo, usirudi tena kuwa ute. Moto ule ule ulioua ugonjwa uliua na fedha zangu. Nguruwe hawakupata faida hata kidogo, nami nikawa natangaza kwa majirani kwamba vimeng'enya ni utapeli wa wafanya biashara. Mpaka leo wako watu wa Akheri wanaoamini hivyo kwa sababu yangu.

Habari ya fitasi yenyewe si ngeni. Mwaka 1907, huko Japani, Suzuki na wenzake waliitambua katika pumba za mpunga. Lakini ilikaa katika vitabu muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na njia rahisi ya kuipata kwa wingi. Baadaye watu wakaipata kutoka katika kuvu, aina ya ukungu uitwao Aspergillus, wakaikuza katika mapipa makubwa kama pombe ikuzwavyo. Na mwaka 1991 ikaanza kuuzwa Uholanzi kwa wafugaji wa nguruwe na kuku. Sababu ya Waholanzi haikuwa mifupa ya nguruwe. Wao walikuwa na fosforasi ya madini ya kutosha kutia katika chakula. Taabu yao ilikuwa samadi: nguruwe wengi katika nchi ndogo, na fosforasi isiyomeng'enywa ikichafua udongo na maji, hata serikali yao ikaweka sheria. Nguruwe wakipewa fitasi na kupunguziwa fosforasi ya madini, fosforasi katika samadi yaweza kupungua kwa theluthi moja hivi. Sisi hatujafika huko, lakini maji ya Themi na Nduruma na Usa huingia Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako wenzetu huvua samaki. Mabanda yanaongezeka kando ya mito yetu kila mwaka. Haya naacha hapo.

Kwetu sisi hoja ni gharama, na hatari za vile vitu tunavyotumia sasa kuziba upungufu wa fosforasi. Vitu hivyo ni unga wa mifupa, na yale madini ya kiwandani yaletwayo toka nje. Unga wa mifupa ni mzuri ukitengenezwa vizuri. Lakini mifupa isiyopikwa sawasawa kwa mvuke yaweza kubeba kimeta, na sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa kimeta ni nini. Tena uko unga wa mifupa ambao nusu yake ni majivu na mchanga; jicho halitambui.

Wengine huniuliza: kwa nini tusitumie mawe ya fosfati ya Minjingu, yaliyo karibu nasi, tukasaga na kuwapa nguruwe? Swali hili ni la mtu mwenye akili, na jibu lake latuhusu sana sisi wa Meru. Mawe yale ni mbolea nzuri, lakini yana florini nyingi. Nasi twaijua florini. Maji ya mlima wetu, hasa upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto, yameyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na mifupa ya wengine imepinda. Ndiyo maana kukawekwa pale Ngurdoto kituo cha kutafuta njia za kuiondoa florini majini. Nguruwe anayekunywa maji hayo hayo akiongezewa florini ya mawe, tutakuwa tumemtibu mguu kwa kumvunja mwingine. Mawe ya Minjingu yabaki shambani.

Fitasi basi yatupa njia ya tatu: kutumia fosforasi ambayo tumekwisha kuinunua pamoja na pumba.

Tufanye hesabu kidogo. Nguvu ya fitasi hupimwa kwa vizio vyake, si kwa uzito tu. Kiasi cha kawaida ni vizio 500 katika kila kilo ya chakula, na kiasi hicho hukadiriwa kuweza kushika nafasi ya gramu 1 hivi ya fosforasi ya madini katika kilo hiyo. Kwa tani moja ya chakula hiyo ni kilo 1 ya fosforasi. Madini ya kiwandani yenye fosforasi asilimia 18 yangetakiwa kilo tano na nusu. Unga wa mifupa mzuri, wenye asilimia 12, ungetakiwa kilo 8 na zaidi kidogo. Na fitasi je? Ikiwa unga ulioletwa una vizio 5,000 katika gramu 1, zatosha gramu 100 kwa tani nzima. Ikiwa una vizio 10,000, gramu 50. Kwa hiyo muuzaji akiwaambia bei ya kilo msikubali wala msikatae. Mwulizeni vizio vingapi katika gramu, kisha pigeni hesabu ya bei kwa tani ya chakula, mlinganishe na bei ya kilo 8 za mifupa siku hiyo. Hapo ndipo penye ukweli wa biashara hii, na bei zabadilika.

Lakini tazameni tena kipimo: gramu 100 kwa tani. Kwa gunia la kilo 50 ni gramu 5, yaani kama kijiko kidogo cha chai. Mfugaji mwenye nguruwe wanne, anayechanganya chakula sakafuni kwa koleo, hawezi kukisambaza kijiko hicho katika gunia zima. Nguruwe mmoja atapata yote na watatu hawatapata kitu. Ndiyo sababu nasema kwamba kama fitasi yafaa kununuliwa, yafaa kununuliwa na Chama, wala si na mtu mmoja mmoja dukani. Mashine ya Chama inaweza kuchanganya kwa ngazi: gramu 100 katika kilo moja ya pumba laini, kilo hiyo katika kilo kumi, kumi hizo katika tani. Chama kinaweza pia kuuweka unga mahali pakavu penye ubaridi, kwa maana joto na unyevu huupunguza nguvu hata kabla haujatumika. Na ukikaa miezi mingi umechanganywa na madini makali huchoka upesi zaidi. Mashine yetu haitoi chakula cha vidonge kwa mvuke, na kwa jambo hili ni heri yetu, maana joto la kutengeneza vidonge, likifika nyuzi 80 au zaidi, huua fitasi ya kawaida. Iko iliyovikwa ganda ili istahimili, nayo bei yake hupanda.

Sasa niseme juu ya vile vingine. Karatasi ya muuzaji ina majina mengi, na kila jina lina sifa zake njema. Viko vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi za kuta za punje, ambavyo ni zilanasi na betaglukanasi. Hivi vimethibitika hasa kwa shayiri, ngano na rai, zaidi kwa kuku kuliko kwa nguruwe. Katika chakula cha mahindi faida yake ni ndogo, na majaribio hayakubaliani. Mwanachama anayelisha pumba za ngano kwa wingi, au machicha ya kiwanda cha bia, yeye aweza kuona kitu. Sisi wengine tusiwe na haraka. Na juu ya mashudu ya alizeti yatokayo Singida na Babati, yale yenye maganda meusi mengi, nataka kusema wazi kwamba hakuna unga wowote utakaoligeuza ganda la alizeti kuwa nyama. Ganda lile ni karibu na ukuni. Dawa yake ni kununua mashudu ya alizeti iliyomenywa, au kuwapa kidogo.

Kiko tena kimeng'enya cha kusaidia umeng'enyaji wa protini, kiitwacho protiasi. Tumbo la nguruwe mzima lina vyake. Muuzaji husema chafaa kwa soya. Soya mbichi ina kitu kinachozuia umeng'enyaji wa protini, lakini kitu hicho huondolewa kwa moto: soya ikaangwe au ichemshwe ipasavyo. Mimi singetegemea unga wa pakiti kwa kazi ambayo sufuria huifanya.

Wala msidhani kwamba fitasi itamtosheleza nguruwe asiyepata protini. Nimeona mabanda ambayo chakula ni pumba peke yake, Januari hadi Desemba. Mwenye banda kama hilo, kama ana shilingi moja ya kuongeza, ainunulie dagaa wa Ziwa Viktoria wasio na mchanga, au soya iliyokaangwa, na ule mchanganyiko wa vitamini na madini. Fitasi ije baadaye. Kufungua kasha ni kazi bure kama nyumba haina kitu kingine.

Nilisema nitairudia ngano. Kwa wale ambao hata chama kikinunua hawatafikiwa na chakula chake, kwa kuwa wanachanganya nyumbani, iko njia isiyotaka pakiti. Pumba za ngano zina fitasi yake ya asili, na fitasi hiyo huamka ikipata maji. Mkulima akichanganya pumba za mahindi na sehemu ya pumba za ngano, akazilowesha kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, akaziacha saa kadhaa au toka jioni hata asubuhi, sehemu ya fitati hufunguka kabla nguruwe hajala. Sharti chombo kioshwe kila siku, chakula kisilale siku ya pili kikaota ukungu, na pumba zenyewe zisiwe zimepitishwa motoni kiwandani. Na kama makombo yamechemshwa, yapoe kwanza mpaka mkono waweza kukaa ndani yake, ndipo pumba zilizoloweshwa zitiwe. Njia hii haina nguvu kama ya fitasi ya pakiti, lakini maji ya mfereji hayahitaji idhini ya Mkutano Mkuu.

Basi nishauri nini juu ya ombi lililo mbele ya Kamati? Nashauri tusinunue sasa kwa Chama chote, wala tusikatae. Tununue pakiti moja, tupime wenyewe. Nimekwisha kusema na Bwana Mwenyekiti, naye hakuona ubaya.

Tutatenga vyumba vitatu. Cha kwanza kitapewa chakula cha Chama kama kilivyo leo, chenye unga wa mifupa kamili. Cha pili kitapewa chakula hicho hicho kilichopunguzwa kilo 8 za mifupa kwa tani, bila kuongezwa kitu. Cha tatu kitapunguzwa mifupa vile vile, na kuongezwa fitasi. Chokaa na vingine vyote viwe sawa. Watu wataniuliza, chumba cha pili ni cha nini, mbona ni kama kuwatesa wanyama? Ni cha kutuambia kweli. Huenda sisi sote tunatia mifupa kupita kiasi. Ikiwa nguruwe wa chumba cha pili watakua sawasawa na wa kwanza, basi hatuhitaji fitasi wala zile kilo 8, na wote waliokuwa wakituuzia watakuwa wametudai kwa bure. Ikiwa wa pili watarudi nyuma na wa tatu hawakurudi, hapo fitasi imejitetea yenyewe. Na ikiwa wa pili na wa tatu wamerudi nyuma pamoja, tutamrudishia muuzaji karatasi yake. Mnyama yeyote atakayeonyesha udhaifu wa miguu ataondolewa siku hiyo hiyo na kupewa mifupa.

Tutapima kila mnyama siku ya kwanza na kila baada ya majuma mawili, kwa majuma manane, na chakula kitakacholiwa na kila chumba kitapimwa na kuandikwa. Daftari litakaa ofisini wazi, mwanachama yeyote alisome. Wakati huo huo Kamati imwandikie muuzaji alete cheti kinachotaja vizio kwa gramu, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika, na uthibitisho kwamba bidhaa yake inauzwa kwa kufuata Sheria Na. 13 ya mwaka 2010 inayohusu malisho na vyakula vya mifugo. Akishindwa kuleta hivyo, majaribio yatafanywa kwa unga wa mwingine.

Kilichobaki ni nguruwe wenyewe. Nahitaji watoto kumi na wanane walioachishwa kunyonya, na sharti watoke katika uzazi usiozidi tatu, ili ndugu wagawanywe sawa katika vyumba vyote na mtu asije akasema kwamba chumba fulani kilipewa wa mbegu bora. Chama kitalipa chakula. Mwenye nguruwe atabaki na mnyama wake mwisho wa majuma manane. Wenye watoto wa umri huo, wasiopungua sita wa uzazi mmoja, nawaomba waonane nami baada ya chakula karibu na mizani ya kahawa. Nina daftari na kalamu.